Mstari Ukijaa Unafutika

Katika Tetris, kazi uliyoifanya vizuri huioni tena. Vipande vinashuka kutoka juu, kimoja baada ya kingine, nawe unavigeuza na kuvisogeza ili vikae chini bila kuacha tundu. Mstari ukijaa kutoka ukuta hadi ukuta unafutika papo hapo, na vilivyokuwa juu yake vinashuka. Kinachobaki mbele ya macho yako ni yale uliyoshindwa kuyapanga: tundu ulilolifunika kwa haraka, pembe iliyochomoza, mnara uliouacha ukue upande mmoja ukingoja kile kipande kirefu ambacho hakikuja. Rundo likigusa dari, gemu imekwisha. Hakuna ngome ya kuteka, hakuna jambazi wa kukimbizwa, na katika namna yake ya asili hakuna hata mahali unapofika ukaambiwa umeshinda.

Nimeicheza tangu utotoni, kwenye kile kidude cha plastiki kilichoandikwa Brick Game ambacho wachuuzi walikitembeza mitaani miaka ya 1990, na leo naicheza kwenye simu. Mtu mzima akisifu gemu, wasikilizaji wake hutarajia aseme kwamba inanoa akili au inavipa vidole wepesi. Huenda ni kweli. Mimi nina deni jingine kwake. Tetris imenifundisha kuiheshimu kazi inayotoweka, na kwa sababu hiyo siku zangu za kawaida, zenye vyombo, foleni, mizigo na barua za ofisini, zimekuwa na ladha ambayo sijui ningeipata wapi pengine.

Aliyeibuni ni Alexey Pajitnov, mtaalamu wa kompyuta aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha kompyuta cha Akademia ya Sayansi ya Umoja wa Kisovyeti mjini Moscow. Mwaka ulikuwa 1984. Pajitnov alipenda mafumbo, na mojawapo lilikuwa pentomino: vipande 12, kila kimoja kimeundwa kwa miraba mitano, ambavyo mchezaji anatakiwa avirudishe vyote ndani ya kisanduku chake. Kuvimwaga ni kazi ya sekunde moja. Kuvirudisha kunaweza kukumalizia jioni nzima. Alitaka kuuingiza mchezo wa namna hiyo kwenye kompyuta, vipande viwe vinashuka vyenyewe, akapunguza miraba kutoka mitano hadi minne na kubaki na maumbo 7. Kompyuta aliyokuwa nayo, Elektronika 60, haikuwa na uwezo wa kuchora picha. Vipande vya kwanza vya Tetris vilikuwa alama za mabano zilizopangwa zikagusana.

Jaribio hilo la mwanzo lilikuwa na kasoro kubwa. Uwanja ulijaa upesi mno, na ukishajaa mchezo umekufa. Pajitnov alipoutazama aliona kwamba mstari uliokwisha kujaa umekaa pale bure, hakuna linaloweza kufanyika juu yake, unakula nafasi tu. Akaamua ufutwe. Uamuzi huo ndio Tetris yenyewe. Nimeufikiria mara nyingi, maana mtu mwingine angepanua uwanja, au angepunguza kasi, au angeweka idadi ya vipande na kumtangaza mshindi atakayevimaliza. Yeye aliifanya kazi iliyokamilika iondoke ili inayokuja ipate pa kukaa.

Yaliyofuata yamesimuliwa sana, hata filamu ilitoka mwaka 2023, kwa hiyo nitayapita mbio. Kijana wa miaka 16, Vadim Gerasimov, alisaidia kuihamishia kwenye kompyuta za IBM. Watu wakainakili kwenye disketi na kupeana bila malipo. Haki zake zikawa mikononi mwa dola, ugomvi wa leseni ukazuka kati ya makampuni ya Magharibi na Japani, na mwaka 1989 mfanyabiashara wa gemu, Henk Rogers, akaenda Moscow na kupata kibali cha kuiweka kwenye vidude vya mkononi. Hivyo ndivyo Tetris ilivyoingia kwenye Game Boy ya Nintendo na kuzunguka dunia. Hata nje ya dunia ilifika: mwaka 1993 mwanaanga Mrusi Aleksandr Serebrov alikwenda nayo kwenye kituo cha angani cha Mir. Pajitnov mwenyewe hakuanza kulipwa mrabaha hadi mwaka 1996.

Kutoka Moscow hadi Temeke ni mbali, lakini ni Temeke nilikoielewa gemu hii. Mama yangu mdogo ni mama lishe. Huanza kabla ya alfajiri na supu na chapati, mchana ni wali, maharage, mchicha na samaki, na ikifika saa kumi jioni wateja wameondoka, sufuria zimejaa ukoko na masizi, sahani zimerundikana. Anaweka mabeseni mawili, la sabuni na la kusuuzia, anakaa kwenye kigoda na kuanza. Jioni moja nilikuwa nimekaa karibu naye nikisubiri zamu yangu ya kusuuza, simu mkononi.

"Sasa mwanangu, hiyo gemu yako inaisha lini?"

"Haina mwisho, ma'mdogo. Unapanga, vinafutika, vinakuja vingine."

Hakuinua macho kutoka kwenye beseni. "Basi ni vyombo hivyo."

Alikuwa amesema kweli tupu. Magharibi ilipoingia meza ilikuwa nyeupe, sufuria zimelala kifudifudi kwenye kichanja, sakafu imepigwa maji. Mtu ambaye angepita wakati huo asingeona chochote. Asingejua kwamba pale pamelishwa watu mchana kutwa, wala kwamba mwanamke mmoja ametumia saa mbili kuhakikisha hakuna cha kuonekana. Angepita kabla ya vyombo kuoshwa, angeona uchafu na pengine angesema neno.

Wengi wanaocheza Tetris hulisema jambo hili kwa masikitiko: makosa yanarundikana, mafanikio yanafutika. Nadhani wanatazama upande wa chini tu wa skrini. Mchezaji aliyekomaa hutazama juu, kwenye ile sehemu tupu, kwa sababu huko ndiko kazi yake iliko. Utupu ule haukuwepo kwa bahati. Aliutengeneza yeye, mstari kwa mstari, na kila safu tupu ni muda aliojinunulia wa kufikiri kabla kipande kinachofuata hakijatua. Meza tupu ya mama mdogo ni hivyo hivyo. Ndiyo inayoiruhusu kesho yake ianze na supu badala ya kuanza na ukoko wa jana.

Kazi nyingi zinazoishikilia nchi ni za aina hii, na nyingi zinafanywa na wanawake. Uwanja uliofagiliwa hausifiwi. Usiofagiliwa huonwa na kila mgeni. Mtoto aliyeoga, akala na kulala kwa wakati hatajwi popote. Karani wa masijala anayeweka majalada mahali pake hajulikani jina lake mpaka siku anapokuwa likizo na jalada la mtu halionekani. Mwanamke anayefagia kando ya barabara saa kumi na moja alfajiri, akiwa na koti lake linalong'aa, anafuta mstari mzima kabla sisi hatujaamka, na tunapotoka tunadhani barabara imelala ikiwa safi. Tangu niione hali hii ndani ya gemu nimeanza kuiona nje yake. Nikimkuta huyo mama namsalimia na kumshukuru, na naosha vyombo vyangu bila ule uchungu wa kujiona nafanya kazi isiyofika popote. Inafika. Inafika kwenye nafasi.

Kuona ndiko zawadi ya pili ya Tetris. Kila aliyeicheza kwa muda mrefu anajua kwamba haikubali kubaki kwenye skrini. Unafumba macho usiku, vipande vinashuka. Unatembea dukani, maboksi kwenye rafu yanaomba kugeuzwa. Mwaka 2000 Robert Stickgold na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha utafiti juu ya jambo hili. Waliwachezesha watu 27 Tetris kwa jumla ya saa 7 ndani ya siku tatu, kisha wakawauliza walichokiona wakati usingizi unapoanza kuwachukua. Watu 17 walisema waliona maumbo ya gemu. Ajabu zaidi ni kwamba miongoni mwa 27 hao walikuwemo wagonjwa 5 ambao ubongo wao haukuweza tena kuhifadhi kumbukumbu mpya. Kila walipoletwa kucheza, gemu ilikuwa ngeni kwao. Hata hivyo watatu kati yao waliona vipande vikianguka usingizini, bila kujua vimetoka wapi.

Habari hiyo ilinigusa sana. Ina maana kwamba tunachokifanya kwa mikono na macho kinakaa mahali ambapo hata kusahau hakukifikii. Basi inafaa mtu achague vizuri anachokirudiarudia.

Mimi vipande vyangu naviona Kariakoo. Kuna vijana wa maguta, zile baiskeli za magurudumu matatu za kubebea mizigo, wanaopakia mbele ya maduka ya jumla. Kijana anapewa mabunda ya vitenge, maboksi ya sabuni, ndoo zilizopachikwa moja ndani ya nyingine, mfuko wa mchele na jiko la mkaa ambalo halina upande mmoja ulionyooka. Analishika boksi, analigeuza mara moja tu hewani, linaingia. Hapimi, wala hajaribu mara mbili. Kizito kinakaa chini na karibu na ekseli, chepesi kinapanda, jiko linapata kona yake, ndoo zinajazwa soksi na sabuni ili utupu wake usipotee bure. Zamani mzigo wa aina ile ulikuwa kwangu kizuizi cha njia. Sasa nasimama kando na kuutazama kama watu wanavyotazama mpira. Kijana yule anacheza mchezo wangu katika ngazi ambayo sitaifikia, maana vipande vyake vina uzito, mvua inatishia, na mwenye mali amesimama nyuma yake akimhimiza. Naona ustadi huo huo stendi kwenye buti la basi la mkoani, naona kwa fundi uashi anayehakikisha kiungo cha tofali la juu hakikai juu ya kiungo cha tofali la chini. Jiji lilikuwa limejaa watu hawa siku zote. Macho ya kuwaona niliyapata kwenye gemu.

Kuna somo jingine ndani ya vipande vile ambalo ni la hesabu, nami nalipenda kiasi kwamba nitaomba subira ya msomaji. Chukua maumbo yote 7, moja la kila aina. Kila moja lina miraba minne, kwa hiyo jumla ni miraba 28. Mtu yeyote atadhani kwamba akipata muda wa kutosha ataweza kuyapanga yakatoa mstatili wa 4 kwa 7. Hataweza. Wala mwingine hataweza, kesho wala milele, na sababu yake inaonekana ukiupaka mstatili huo rangi mbili kama ubao wa drafti: miraba 14 myeusi na 14 myeupe. Maumbo sita, vyovyote utakavyoyaweka, kila moja linafunika miraba miwili myeusi na miwili myeupe. Lakini lile lenye umbo la T linafunika mitatu ya rangi moja na mmoja tu wa rangi nyingine. Ukijumlisha unapata 15 kwa 13, na mstatili unadai 14 kwa 14. Hakuna ustadi wa kuvuka hapo. Ukiongeza T ya pili, hesabu inaweza kusawazika.

Ziko siku zenye T ndani yake. Jirani kafiwa na inabidi ukahani, mtoto ameamka na homa, ripoti ya mwisho wa mwezi inadaiwa kabla ya saa kumi, na maji yamekatika. Kila jambo peke yake lina mahali pake. Yote kwa pamoja hayaingii katika siku moja, na mtu anaweza kujilaumu hadi usiku wa manane kwa uvivu na kukosa mpango. Siku kama hizo najikumbusha ubao wa rangi mbili. Naacha kuyageuzageuza. Natafuta siku ya pili, au mtu wa pili.

Wanahisabati wamekwenda mbali zaidi ya hapo. Mwaka 1997 Heidi Burgiel alionyesha kwamba vipande viwili vilivyopinda, vile vinavyofanana na herufi S na Z, vikija kwa kupokezana muda mrefu wa kutosha, vitamshinda mchezaji yeyote, hata awe hakosei kamwe. Na kwa kuwa vipande vikitolewa kwa bahati nasibu milele mfululizo kama huo lazima siku moja utokee, mchezo hauna budi kwisha. Mwaka 2002 watafiti wa MIT, Erik Demaine, Susan Hohenberger na David Liben-Nowell, walionyesha jambo la kushangaza vilevile: hata ukipewa mapema orodha kamili ya vipande vyote vitakavyokuja, kutafuta mpangilio ulio bora kabisa ni tatizo la lile kundi gumu ambalo hakuna aliyewahi kupata njia ya haraka ya kulitatua. Sisi tunaopenda kusema laiti tungejua, tungejipanga vizuri, tuliwazwe na habari hiyo. Kujua yajayo kusingetutosha.

Mama yangu alipolazwa niliicheza sana. Ndugu wa wagonjwa tulikuwa tukikaa nje ya wodi kwenye benchi la saruji, tukisubiri saa ya kuingia au jina kuitwa. Hapakuwa na la kufanya, na akili isiyo na la kufanya hujitengenezea picha. Nilikuwa tayari nimeona picha za mazishi ya mtu aliyekuwa bado anapumua. Kitabu hakikusomeka, mazungumzo yalirudi palepale kwenye ugonjwa. Tetris peke yake ilizizuia picha hizo, kwa sababu ilihitaji jicho lile lile la ndani lililokuwa likizichora. Mama alipona, namshukuru Mungu.

Baadaye nikasoma kwamba nilichokihisi pale kimechunguzwa. Emily Holmes na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oxford, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, waliwaonyesha watu filamu ya matukio ya kutisha, wakasubiri nusu saa, kisha wakawapa baadhi yao Tetris wacheze kwa dakika 10. Katika wiki iliyofuata, wale waliocheza walirudiwa na picha za filamu mara chache kuliko ambao hawakucheza, ingawa wote waliyakumbuka matukio yake sawasawa walipoulizwa. Kumbukumbu ilibaki. Kilichopungua ni ile tabia yake ya kuvamia bila kuitwa. Mwaka 2017 wakatoa matokeo ya kazi waliyoifanya na majeruhi 71 wa ajali za barabarani katika idara ya dharura ya hospitali moja ya Oxford. Ndani ya saa 6 tangu ajali, baadhi ya majeruhi waliombwa waikumbuke kwa ufupi na kisha wakacheza Tetris. Wiki ya kwanza picha za ajali ziliwarudia kwa asilimia 62 pungufu kuliko wenzao. Maelezo ya watafiti ni kwamba kumbukumbu mbichi huchukua saa kadhaa kukauka, na katika muda huo, macho ya akili yakiwa na kazi nyingine, picha hazipati nguvu ya kushika.

Gemu haimtibu aliyevunjika mfupa, na hakuna anayepaswa kumpa majeruhi simu mahali pa daktari. Lakini nawafikiria vijana wetu wa bodaboda, na abiria wao, wanaotolewa barabarani wakafungwa bandeji na kurudishwa nyumbani na zile picha bila mtu kuwauliza. Ningefurahi sana kuona wataalamu wetu wa afya ya akili wakilijaribu jambo hili hapa kwetu. Gharama yake ni simu na dakika chache.

Najua lawama inayosemwa juu ya gemu, nami siidharau. Mzee akikaa barazani na ubao wa bao, mashimo yake 32 na kete zake 64, akafikiri mpaka adhana ikamkuta, tunamwita fundi. Kijana akiinamia skrini tunasema anapoteza muda. Sehemu ya lawama hiyo ni mazoea tu: cha zamani ni hekima, kipya ni upuuzi. Bao nalo ni kupanga, kuhesabu na kutazama mbele, na sioni kwa nini akili inayosifiwa kwenye mbao isisifiwe kwenye kioo.

Lakini sehemu nyingine ya lawama ina haki. Simu hiyo hiyo ya kijana ina mikeka ya kubeti, na mtaani kwake kuna mashine za dubwi zinazomeza sarafu za watoto wa shule. Ziko pia gemu za bure ambazo si za bure, zilizotengenezwa na watu wanaolipwa kuhakikisha huachi, zenye kukukatisha kila dakika kwa tangazo na kukuuzia uhai wa ziada. Kuzitia zote kwenye kapu moja na Tetris ni kumkosea Pajitnov, ambaye aliitengeneza yake kwa mapenzi ya mafumbo, mahali ambapo hakuwa na haki hata ya kuiuza. Kipimo changu ni rahisi. Ukiiweka gemu chini, unayaona zaidi yaliyokuzunguka au unayaona kidogo zaidi? Anayebeti akimaliza mechi hauoni tena mpira, anaona pesa yake. Mpenzi wa Tetris akiinua macho anakuta dunia imejaa maumbo. Na si Tetris pekee. Katika kibanda cha gemu nimewaona watoto wakicheza mpira kwenye PlayStation kwa utaratibu ambao hakuna mkubwa aliyewawekea: anayefungwa anampisha mwingine, na anayesubiri hasukumi. Wanajifunza foleni kuliko sisi tunavyoijua kwenye daladala.

Nina habari moja ya mwisho. Toleo la Tetris la Nintendo la kuchezwa kwenye runinga, lililotoka Marekani mwaka 1989, linaongeza kasi kadiri unavyopanda ngazi. Kwa miaka mingi wachezaji waliamini kwamba ngazi ya 29 ndiyo ukingo wa uwezo wa binadamu, kwa kuwa hapo vipande vinashuka kwa kasi ambayo kidole kikibonyeza na kushikilia hakiwezi kuvifikisha ukutani. Baadaye vijana wakabuni namna mpya ya kushika kidude: kidole gumba kinatulia juu ya kitufe, na vidole vya mkono mwingine vinakipiga kidude mgongoni mfululizo, kila pigo likiwa bonyezo moja. Ukingo ukasogea. Tarehe 21 Desemba 2023, mvulana wa miaka 13 wa jimbo la Oklahoma, Willis Gibson, alifika ngazi ya 157, na baada ya dakika kama 38 za kucheza, gemu ikaganda. Programu yenyewe ilishindwa kuendelea. Kwa zaidi ya miaka 30 tangu toleo hilo litoke, hapakuwa na binadamu aliyewahi kuifikisha hapo. Baba yake alikuwa amefariki mwezi huo huo, na mtoto alimtolea marehemu ushindi wake.

Baadhi ya watu wazima walioisikia habari hiyo walimshauri mtoto atoke nje akapate hewa. Nilisikitika. Mtoto wa miaka 13 aliyefiwa na baba alikuwa amepata mahali pa kuweka mikono yake na akili yake, akafika mahali ambapo hakuna aliyewahi kufika, nasi tukamwambia atoke nje.

Kwa hiyo nawaomba wazazi, walezi na walimu: mkimkuta mtoto ameinamia gemu, msiizime kabla hamjajua ni gemu gani. Ikiwa ni ya kamari, iondoeni, na mumweleze sababu. Ikiwa ni ya kupanga, kujenga au kutafuta njia, kaeni karibu naye, mwulizeni inachezwaje na anapenda nini ndani yake, kisha mwombeni awapishe mcheze mzunguko mmoja. Atafurahi kuwafundisha, na mtamjua mwanenu kwa upande ambao ripoti ya shule haiwaonyeshi.